Mchirizi wa Kwetu

Barabara ya kijijini kwetu ni nzuri. Naanza na hilo ili asije mtu akaniambia sina shukrani. Inaanzia Mlowo, inaiacha lami ya barabara kuu nyuma ya maghala ya mahindi, inapanda katikati ya mashamba ya kahawa mpaka juu kwenye shule na kanisa. Imemwagwa moramu, ule udongo mwekundu wa changarawe, imeshindiliwa, imeinuliwa mgongo katikati ili maji yamwagike pembeni, na kila mwaka greda linakuja kuichonga upya. Wageni wanaisifu sana. Mimi nikisikia inasifiwa naudhika, kwa sababu uzuri wake wote ulibebwa na mama yangu, mjane, kwenye shamba lake, bila mtu hata mmoja kumuuliza kama mzigo ni mzito.

Niwaeleze, maana wanaoishi kwenye lami wanadhani barabara ni ule uso wa juu tu. Barabara ya udongo inaishi au inakufa kwa maji. Mvua ikinyesha, maji yanateremka kwenye mgongo wake yanaingia kwenye mtaro wa pembeni, na mtaro nao unatakiwa kupunguzwa mzigo kila baada ya umbali fulani. Pale ndipo unapochimbwa mchirizi, yaani mfereji mfupi unaochepuka kutoka mtaroni na kuyapeleka maji shambani kwa mtu. Kila shamba likipokea kidogo, maji yanazama ardhini na hakuna anayeumia. Mwenye migomba anaweza hata kunufaika. Shida inaanza pale kila mtu anapotaka barabara ipite kwake, na maji yapite kwa jirani.

Barabara yetu ilipokuwa inatengenezwa, baba yangu alikuwa hai. Ulifanyika mkutano pale shuleni, mhandisi wa wakati huo akaeleza haya niliyoyaeleza, kisha akauliza nani ataruhusu mchirizi uingie shambani kwake. Watu wazima wenye ndevu zao wakawa wanatazama vidole vya miguu. Baba akasimama akasema, "Pitisheni kwangu." Kesho yake alichukua jembe, akang'oa mwenyewe miche yake ya kahawa iliyokuwa kwenye njia ya maji, kahawa aliyoipanda kwa mkono wake na iliyokuwa imeshaanza kuzaa. Walimpigia makofi mkutanoni, na wengine kwa aibu wakakubali. Mlima mzima ukapata michirizi mitano, wa kwetu ukiwa wa chini kabisa, maana ukiteremka nyumba yetu ndiyo ya mwisho kabla mlima haujaisha.

Baba alifariki miaka michache baadaye. Tulimzika nyumbani, upande wa chini wa nyumba, kwenye kahawa, mahali alipolala baba yake pia. Kwetu kaburi halijengewi haraka. Udongo unaachwa kwanza ushuke, utulie, ndipo familia inakusanya mawe, mchanga na saruji na kufanya shughuli ya kulijengea. Mama hakuwa na haraka. Kila akitoka mtoni au shambani alirudi na jiwe, akalitua uani, na lile rundo likawa linakua taratibu. Nikimuuliza lini tunajenga, alisema mawe hayajatosha.

Mimi ninaishi Tunduma. Ninauza maturubai na kamba kwa madereva wa malori wanaosubiri kuvuka mpaka, na foleni inapokuwa ndefu ndiyo neema yangu. Siku nzima masikio yangu yamejaa habari za barabara. Dereva wa Zambia ananisalimu, "Mulishani, ba mayo," halafu kabla hata sijamwonyesha turubai anaanza kulalamikia mashimo aliyokutana nayo. Mtanzania naye analalamikia tuta lililomvunjia springi. Nikawa nimezoea kufikiri kwamba matatizo ya barabara ni ya wenye magari. Sikujua kwamba kuna mtu hana hata baiskeli, na barabara inamla.

Mama si mtu wa kupiga simu hovyo. Alinipigia masika moja, nikiwa nafungua duka, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Njoo umwone baba yako kabla hajaondoka."

Nilidhani mama amechanganyikiwa. Nikamwambia, "Mama, baba alishafariki."

"Najua alishafariki, mimi ndiye niliyemzika. Nakuambia maji ya barabara yamemfikia. Mvua kubwa ikija tena, yatamchukua."

Nilifunga duka. Nilipofika Mlowo nilikodi bodaboda, na yule kijana akawa ananisifia barabara njia nzima, jinsi wanavyopanda siku hizi bila kusukuma pikipiki.

Mchirizi wa baba ulikuwa mfereji ambao sisi watoto wake wa kike tuliuruka kwa mguu mmoja. Nilichokikuta ni korongo. Ng'ombe angetumbukia humo asingeonekana pembe. Kingo zake zilikuwa nyekundu, mbichi, na mizizi ya kahawa ilikuwa inaning'inia hewani. Mistari mizima ya kahawa ya mama haikuwepo tena. Na upande wa chini, msalaba wa mbao wa baba ulikuwa umesimama karibu na ukingo kiasi kwamba niliogopa kuusogelea, nisije nikaliporomosha kaburi kwa uzito wangu. Babu alikuwa bado mbali kidogo. Baba ndiye aliyekuwa wa kwanza kwenye njia ya maji, kama kawaida yake.

Nilisimama pale ukingoni. Haikuwa huzuni, huzuni naijua. Ilikuwa hasira. Nikamuuliza mama ilikuwaje mfereji mmoja ukawa hivi. Mama akaonyesha kwa kidevu kule juu mlimani, akasema, "Nenda ukaone mwenyewe. Mimi nikisema naonekana mgomvi."

Nikapanda kwa miguu, nikifuata mtaro. Mchirizi wa kwanza juu yetu ni wa mama mmoja anayeimba kwaya na mama yangu. Haukuwepo. Palikuwa na viroba vimejazwa udongo, vimepangwa vizuri mdomoni mwa mchirizi, na nyuma yake ndani ya mfereji imepandwa migomba, imestawi, ina mikungu. Wa pili umefukiwa ukawa kitalu cha miche ya kahawa, umejengewa na kichanja cha kivuli. Wa tatu ni wa mzee wa kanisa. Yeye alijenga banda la nguruwe juu yake. Wa nne sikuupata kabisa, yalikuwa majani tu na mahindi, na mwenye shamba akaniambia pale hapajawahi kuwa na mchirizi wowote.

Nikaelewa. Mvua ikinyesha, maji ya mlima mzima yanateremka mtaroni, yanatafuta pa kutokea, kwa huyu pamezibwa, kwa yule pamezibwa, yanazidi nguvu na yanazidi wingi, mpaka yanafika kwetu. Kwetu pako wazi, kwa sababu baba aliahidi na mama hakuwa tayari kuivunja ahadi ya marehemu. Na greda nalo likija kila mwaka, dereva wake anaona mchirizi mmoja tu kwenye mlima wote, anausafisha, anauchimba zaidi, anaondoka akijua amefanya kazi nzuri.

Wote hawa ni watu waliokula pilau kwenye msiba wa baba. Ndicho kilichoniuma.

Nilikwenda kwa mzee wa kanisa kwanza, kwa kuwa ndiye aliyeongoza maombi siku tunamzika baba, na nimemwita baba mkubwa tangu nijue kuongea. Nilimkuta anawapa nguruwe pumba.

"Karibu mwanangu. Umekuja kumsalimia mama?"

"Nimekuja kuutazama mchirizi, baba mkubwa."

Akacheka. "Ule? Aa, ule ulikuwa unaniharibia shamba. Maji yanaingia mpaka jikoni."

"Na sasa yanaingia wapi?"

"Kwenu pana mteremko mzuri. Pale maji hayatuami, yanapita tu."

"Yanapita na kaburi la rafiki yako."

Akaipigapiga ndoo ya pumba ukingoni mwa kihori. Halafu akasema kwa upole, ule upole wa mtu anayekutoa nje, "Mwanangu, wewe umeshaolewa. Haya mambo ya mashamba waachie kaka zako."

Sina kaka. Anajua fika kwamba sina kaka, kwa sababu yeye ndiye aliyesimama kaburini akaomba Mungu amtazame mjane huyu na mabinti zake. Nilitaka kumjibu, nikaona nikifungua mdomo nitatukana mbele ya nguruwe. Nikaondoka.

Siku iliyofuata nilikwenda Vwawa kwenye ofisi ya wahusika wa barabara za vijijini. Nilitegemea kuambiwa njoo kesho. Badala yake nikapelekwa kwa mhandisi, dada mdogo kuliko mimi, amevaa buti zenye matope makavu, na siku chache baadaye akaja kweli na gari lake. Alitembea mlima wote. Alisimama kwenye banda la nguruwe, akasimama kwenye migomba, akainama kwenye korongo letu kwa muda mrefu. Nikamuuliza kwa nini hawakuja siku zote hizi.

"Dada, tunakabidhiwa barabara ikiwa na michirizi yake yote," akasema. "Baada ya hapo fungu linalokuja ni la kuchonga na kuweka kifusi. Ninaletewa greda, siletewi mtu wa kupita nyumba kwa nyumba kuuliza nani ameziba."

"Na korongo hili je?"

"Hilo liko nje ya hifadhi ya barabara. Kisheria mimi mwisho wangu ni pale." Akaonyesha kijiti ukingoni mwa mtaro. Uso wake ulionyesha kwamba alikuwa anaona aibu, na mimi sikutaka aibu yake, nilitaka ukuta wa mawe. Barabara ina watu, ina mashine, ina fungu, lakini mwisho wake ni kile kijiti, na baba yangu amelala upande wa pili wa kijiti.

Hata hivyo aliitisha mkutano, palepale shuleni. Aliongea vizuri, kwa adabu, akawaeleza kwamba mtaro ukikosa pumzi utaikata barabara yenyewe siku moja, na kwamba kila aliyeziba afungue kabla mvua kubwa hazijarudi. Mwenyekiti wa kijiji akasimama akasema, "Tumeelewa, mhandisi. Sisi ni watu wa maendeleo." Wakapiga makofi, hayohayo waliyompigia baba. Mzee wa kanisa alifunga kwa sala. Kisha yule mama wa kwaya akamkabidhi mhandisi zawadi ya kijiji, mkungu mkubwa wa ndizi, na mhandisi akashukuru kwa mikono miwili. Ndizi zilikuwa za ule mchirizi. Niliutambua mkungu, nilikuwa nimeuona ukining'inia pale viroba vilipo. Nilicheka kwa sauti mpaka mama akanifinya.

Hakufungua mtu. Wiki ikapita, mawingu yakaanza kujikusanya, watu wakawa wanajikausha. Nilichukua jembe la baba nikapanda mpaka kwenye migomba, nikaanza kuvuta viroba kimoja baada ya kingine. Mama wa kwaya akatoka ndani mbio. Hakunigombeza. Alikwenda akakaa chini kwenye mfereji, miguu ameinyoosha, kitenge amekitandaza, akaniambia, "Haya, chimba. Nichimbe na mimi."

"Mama, simama tafadhali."

"Sisimami. Hizo tabia za mpakani urudi nazo hukohuko Tunduma. Hapa kwetu binti hamshikii mtu mzima jembe."

Nilitupa jembe chini. Nililia pale barabarani kwa hasira mbele ya watoto wa shule, mwanamke mzima mwenye duka lake, kamasi zinanitoka. Nilirudi nyumbani nikamwambia mama kwamba nimeshindwa, na kwamba ni afadhali tumhamishe baba. Mama alikuwa anapika. Akafunika chungu, akasema, "Baba yako hahami. Alishahamisha kahawa, inatosha."

Asubuhi nilimkuta uani kwenye rundo lake la mawe. Alikuwa ameokota moja, amelibeba begani. Nilidhani ameamua kulijengea kaburi sasa hivi, bila saruji, kwa kukata tamaa. Nikabeba na mimi jiwe nikamfuata. Akalipita kaburi. Akapanda na korongo mpaka barabarani, akalitua jiwe lake katikati ya mdomo wa mchirizi wa baba, akalikanyaga likae vizuri.

"Mama, unafanya nini?"

"Naziba."

"Watakukamata. Hii ni barabara ya serikali."

"Na wanikamate," akasema, sasa kwa Kinyiha, lugha anayoitumia akiwa hana mchezo. "Nitakaa huko nikijua mume wangu amelala pake. Lete jingine."

Tulibeba mawe mpaka jua likawa utosini. Yale mawe yote aliyoyaokota jiwe kwa jiwe kwa ajili ya kaburi tuliyapanga kwenye mchirizi, tukajaza udongo katikati, tukashindilia kwa miguu. Watu walipita wakatusalimia kwa macho ya pembeni. Mama aliwaitikia wote vizuri, akawauliza habari za watoto. Sijawahi kumwona na nguvu vile tangu baba afariki, na mimi moyoni nilikuwa naogopa, lakini chini ya woga palikuwa na furaha mbaya ambayo siioni haya kuisema.

Mvua ilikuja, ikanyesha siku nzima. Maji ya mlima yakateremka kama yalivyozoea, yakafika kwetu, yakakuta mlango umefungwa. Yakajaa mtaroni, yakapanda juu ya barabara, yakavuka upande wa pili. Ile moramu nzuri iliyoshindiliwa na kusifiwa ilimomonyoka kama sukari kwenye chai. Mvua ilipokatika barabara ilikuwa imekatwa kabisa, mbele ya lango letu, na maji yalikuwa yameishia bondeni kwenye malisho ya watu wote, ambako hakuna nyumba wala kaburi.

Ulikuwa msimu wa mbolea. Mahindi ya kijiji kizima yalikuwa yamefika magotini yanasubiri mbolea ya kukuzia, na lori la mbolea lilikuwa Mlowo limeshapakia. Likapanda, likafika kwetu, likageuza.

Siku hiyohiyo walikuja. Mwenyekiti, mzee wa kanisa, mama wa kwaya na wengine nyuma yao, wamevaa mabuti ya mvua, wakasimama uani. Kwetu mgeni hata awe adui anapewa kigoda kabla hajasema lililomleta. Mama alikuwa amekaa kwenye mawe machache yaliyobaki, anachambua maharage kwenye ungo. Hakuinuka. Nilipogeuka kwenda kuchukua vigoda ndani, akaniambia, "Kaa."

Mwenyekiti akakohoa. "Mama, umeiharibu barabara ya serikali. Hii ni kesi."

Mama akaendelea kuchambua. Mwenyekiti akaona njia hiyo haipitiki, akalegeza sauti. "Lakini sisi ni majirani. Fungua tu, maji yapite, tujaze lile shimo, lori lipande. Barabara ni ya wote, mama."

"Na maji ni ya nani?" mama akauliza.

Mzee wa kanisa akasogea mbele, akizungusha kofia mkononi. "Dada yangu, marehemu tunamfahamu wote. Marehemu angekuwepo leo, angefungua."

Hapo ndipo mama alipoweka ungo chini. Alisimama, mwanamke mfupi, akamtazama yule mzee mpaka kofia ikaacha kuzungushwa.

"Angefungua," akasema. "Alifungua wa kwanza, mkampigia makofi, halafu mkapanda migomba. Yeye alifungua wa kwanza. Mimi nitafungua wa mwisho. Anzieni juu."

Akakaa, akachukua ungo wake. Walisimama pale muda mrefu bila kigoda, na mvua ikaanza tena manyunyu, na hakuna aliyekaribishwa barazani.

Asubuhi tulisikia nguruwe wakipiga kelele mlimani, wanahamishwa. Kisha majembe, huku na huku. Mama wa kwaya alikata migomba yake mwenyewe. Mpaka jioni michirizi minne ilikuwa wazi, hata ule ambao haukuwahi kuwepo, na mama akapanda na mimi tukaitazama mmoja mmoja, akiingiza mguu ndani kupima kina. Ndipo akarudi kuufungua wetu.

Nilitaka kufurahi, nikashindwa. Sikiliza, hawakufungua kwa ajili ya baba. Wangemwacha aende na maji mpaka bondeni na Jumapili wangetuombea. Walifungua kwa ajili ya mbolea, na siku mahindi yatakapokuwa ghalani, mtu mmoja ataanza kwa kiroba kimoja. Barabara ilijazwa, greda likaja, mhandisi akapita akatupungia mkono. Inasifiwa tena.

Nilimwambia mama kwamba sasa tuyarudishe mawe uani, ninunue saruji, tulijengee kaburi. Tulikuwa tumeyatoa mchirizini na kuyarundika kando ya mtaro, upande wetu wa kile kijiti. Mama aliyatazama, akatazama juu mlimani, akasema hapana, yakae palepale karibu. Mpaka leo yako pale barabarani, na kaburi la baba ni la udongo.